Seli Hazishiki Kwenye Polima? Mwongozo Kamili wa Kuvisha Vipandikizi Utando wa Polidopamini na Kolajeni

Ujumbe ninaoletewa na vijana wa maabara haubadiliki, anayebadilika ni mtumaji tu: "Shikamoo kaka, seli zangu zimekufa tena." Nikiuliza alijuaje, ananiambia asubuhi alizikuta zinaelea juu ya kidisko, kile kipande kidogo cha duara cha polima (plastiki au silikoni). Mdogo wangu, kuelea si kufa. Chukua tone la kimiminika hicho, litie rangi ya tripani buluu, angalia kwenye hadubini. Seli iliyokufa inameza rangi na kuwa ya buluu, iliyo hai inaikataa. Mara nyingi utakuta nyingi bado zi hai, ila zimekosa pa kushika. Na seli za tishu zikikaa muda mrefu bila kushika chochote, hapo ndipo zinapokufa kweli.

Shika jambo hili moja kwanza. Seli haishiki polima. Inashika protini zilizotangulia kukaa juu ya polima. Dakika chache tu baada ya kidisko kuingia kwenye midia (kimiminika cha kulishia seli), protini za seramu zinakuwa zimeshaufunika uso wake. Seli ikifika, vipokezi vyake viitwavyo integrini vinapapasa kutafuta fibronektini, vitronektini au kolajeni. Uso ukiwa unakataa maji, kama silikoni, protini hizo zinajikunja vibaya na sehemu ambayo integrini inaitafuta inafichika. Kwa hiyo kazi yetu ni kuandaa uso, kwa kuuvisha polidopamini (utando unaotokana na dopamini) na kisha kolajeni, ili protini ikae vizuri. Sehemu kubwa ya majaribio ninayoyaona huharibika kabla seli haijatolewa kwenye chupa yake.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtaalamu wa maabara ndogo kama zetu za huku Tanga. Ni kazi ya mezani, inaishia kwenye sahani ya visima. Kidisko ulichokivisha hivi hakiingii mwilini mwa mtu. Vifaa tiba Tanzania Bara viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na utafiti wowote unaogusa watu unahitaji kibali cha maadili kwanza, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

- Vidisko vya polima vyenye kipenyo cha mm 13 na unene wa mm 1 hivi (vinaingia vizuri kwenye sahani ya visima 24)
- Dopamini haidrokloraidi, unga mweupe
- Trisi (unga wa kutengenezea bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH), pamoja na asidi haidrokloriki ya molari 1 ya kurekebishia pH
- Kolajeni ya aina ya kwanza, au jelatini kama mfuko hauruhusu
- Asidi asetiki ya milimola 20, iliyo tasa
- Bafa ya fosfeti iliyo tasa
- Ethanoli ya asilimia 70
- Maji yaliyotoneshwa
- Kipima pH na vimiminika vyake vya kusahihishia
- Mashine ya kutikisa inayokwenda polepole
- Seli (MG-63 za mfupa au faibroblasti za binadamu), midia ya DMEM yenye seramu asilimia 10, tripsini
- Vipande vichache vya kioo chembamba cha hadubini
- Simu yenye kamera nzuri na kitu cha kuisimamishia

Maji ya betri ya dukani hayafai. Yanaitwa safi lakini huwezi kujua kilichobaki ndani, na chupa ya leo na ya wiki ijayo si lazima zifanane.

Mashine ya plazma ya oksijeni sijaiorodhesha, kwa makusudi. Ni nzuri, lakini ni ghali, na silikoni iliyopigwa plazma hurudia tabia yake ya kukataa maji ndani ya saa au siku chache, kwa sababu minyororo mifupi iliyo ndani hupanda juu na kuufunika uso upya. Polidopamini hubaki, na hushika karibu polima yoyote. Wazo lake limetoka kwa kome, hawa hawa wanaong'ang'ania miamba mawimbi yakiwapiga. Gundi yao ina kemikali ya jamii ya dopamini. Mwaka 2007 timu ya Phillip Messersmith ya Marekani ilionyesha kwamba dopamini peke yake, kwenye maji yenye pH ya 8.5, inatosha kutengeneza utando.

Hatua ya 1: Ijue polima yako

Usipojua, utaiyeyusha kwenye mashine ya mvuke.

PCL (polikaprolaktoni) huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 hivi, na PLA (polilaktidi) hulainika karibu na hapo hapo. Hizo usizipeleke kwenye mvuke wa nyuzi 121. Silikoni na PEEK, plastiki ngumu ya joto kali, zinavumilia. PEEK haiyeyuki mpaka nyuzi 343.

Silikoni ina vituko vyake: inakataa maji na kushika viputo vya hewa, kwa hiyo huelea kwa urahisi. Watu wanapanda seli juu ya kidisko kilichozama, wanaongeza midia, kidisko kinapanda juu, kinapinduka, kisha wanalaumu utando. Tafuta pete ndogo za silikoni ngumu au za chuma kisichoshika kutu, zichemshe kwa mvuke, uzitumie kukandamiza kidisko chini kwa pembeni.

Hatua ya 2: Kata na uoshe

Kitobozi cha ngozi cha fundi viatu kinakata vidisko safi kuliko mkasi. Mafundi wa Ngamiani wanavyo vya saizi zote. Kinoe kwanza, kwa sababu ukingo uliochanika hushika viputo vya hewa.

Osha kwa sabuni laini ya maabara, suuza kwa maji yaliyotoneshwa mpaka povu liishe kabisa, halafu loweka kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika 30. Silikoni iache humo usiku mzima ili mabaki yasiyoganda yatoke.

Usitumie asetoni kwa PCL wala PLA, inazila. Na kuanzia hapa shika kidisko kwa kibano tu. Mafuta ya kidole hayaonekani, lakini utando utaonyesha alama ya kidole chako baadaye, tena vizuri kuliko wanavyoipata kwenye kitambulisho.

Hatua ya 3: Piga picha ya tone

Hiki ndicho kipimo chako cha bei nafuu. Weka tone la mikrolita 5 za maji juu ya kidisko kikavu. Simamisha simu iwe sawa na usawa wa kidisko, weka karatasi nyeupe nyuma, piga picha ya ubavu. Fungua picha kwenye ImageJ, programu ya bure, upime pembe kati ya kidisko na ukingo wa tone.

Silikoni tupu hutoa pembe ya nyuzi 105 hadi 110, tone limesimama kama shanga. Andika namba yako, maana utairudia hatua ya 6. Bila picha ya "kabla", picha ya "baada" haisemi kitu.

Hatua ya 4: Tengeneza bafa

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa wengi wanaanguka hapa bila kujua.

Pima gramu 0.61 za Trisi, yeyusha kwenye maji karibu mililita 450, shusha pH kwa asidi haidrokloriki tone kwa tone hadi 8.5, kisha ongeza maji kufikia mililita 500. Umepata bafa ya milimola 10.

Sasa angalia. pH ya Trisi hufuata joto: kila nyuzi moja ikipanda, pH inashuka kwa karibu 0.03. Vitabu vingi vimeandikwa kwa chumba cha nyuzi 25. Maabara isiyo na kiyoyozi hapa Tanga, kaskazi ikivuma, inafika 31 au 32 mchana. Ukirekebisha pH kwenye bafa iliyotoka jokofuni ikiwa nyuzi 4, ukaiacha mezani ifike 30, ile 8.5 yako imekuwa kama 7.8. Kwenye 7.8 dopamini inasuasua. Utaona rangi hafifu ya chai ya maziwa, utadhani utando umekaa, kumbe hakuna kitu.

Kwa hiyo rekebisha pH kwenye joto lile lile utakalofanyia kazi. Kipima pH kisahihishe asubuhi hiyo hiyo kwa vimiminika vya 7 na 10, maana kusahihisha kwa 4 na 7 halafu ukapima 8.5 ni kubahatisha. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vifaa pia: kichwa cha elektrodi kikikauka na kuganda chumvi, kiloweke kwenye kimiminika chake cha kutunzia kabla ya kukiamini.

Umefaulu kama pH inasoma kati ya 8.4 na 8.6, na dakika kumi baadaye inasoma vile vile.

Hatua ya 5: Visha polidopamini

Chupa ya dopamini itoe kwenye friza na uiache ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa unaganda juu ya unga, na masika unyevu huo si wa kutania. Unga uliogeuka kahawia umeshaungua kwa oksijeni, utupe.

Panga vidisko kwenye chombo kipana na kifupi. Visimamishe wima, au viegemeze uso utakaopandwa seli ukitazama chini. Vikilala chali, chembe nyeusi zinazojitengeneza kwenye kimiminika zitatua juu yake kama masizi, na seli haziwezi kutulia hapo. Humo humo tia vile vipande vya kioo. Kazi yake utaiona hatua ya 8.

Pima miligramu 100 za dopamini, mimina kwenye mililita 50 za bafa, koroga, mwaga juu ya vidisko mara moja. Hiyo ni miligramu 2 kwa mililita. Pima pH tena baada ya dopamini kuyeyuka, kwa sababu unga wenyewe una asidi na huishusha. Ikiwa imepungua chini ya 8.3, rudisha kwa matone machache ya sodiamu haidroksaidi.

Usifunge chombo kwa kifuniko cha kubana. Mmenyuko huu unakula oksijeni ya hewani. Nimeona mtu amejaza mrija mpaka juu, akaufunga vizuri kwa usafi, akaacha usiku kucha. Kesho yake juu kulikuwa na pete nyeusi na chini vidisko vyeupe. Funika kwa karatasi ya foili uliyoitoboa, washa mashine ya kutikisa polepole, acha saa 16 hadi 18.

Rangi itakwenda hivi: maji meupe, waridi hafifu, kahawia, halafu nyeusi kama kahawa. Isipobadilika ndani ya saa moja, usisubiri muujiza. pH iko chini au dopamini imekufa.

Umeme ukikatika usiku, usivitupe vidisko. Vikiwa wima na chombo kiko wazi kwa hewa, utando utaendelea kujengeka, ila usilingane unene kila mahali. Viweke alama, usivichanganye na vya siku nyingine.

Hatua ya 6: Suuza, kisha rudi kwenye tone

Suuza mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa, kila mara dakika kumi kwenye mashine ya kutikisa, halafu loweka kwenye maji mapya usiku mmoja. Polidopamini iliyoshikilia kwa kulegalega lazima itoke sasa, kwa sababu ikitokea baadaye itaondoka na seli zako juu yake.

Chagua kidisko kimoja cha kutoa mhanga. Kikaushe, rudia picha ya tone. Pembe inatakiwa ishuke sana, mara nyingi hadi karibu na nyuzi 50. Si lazima ufikie 50 kamili. Seli nyingi hupenda uso wa katikati, kati ya nyuzi 40 na 70, na uso ukipenda maji kupita kiasi protini nazo hazikai sawasawa.

Rangi iwe kahawia iliyolingana. Kukiwa na mabaka, rudi hatua ya 2, tatizo ni uoshaji. Kukiwa na vidoti vyeusi, tatizo ni jinsi ulivyopanga vidisko.

Hatua ya 7: Ua vijidudu, halafu weka kolajeni

Mpangilio huu usiugeuze. Kolajeni ikishawekwa, ethanoli na joto vitaiharibu.

Ndani ya kabati la usalama, loweka vidisko kwenye ethanoli ya asilimia 70 dakika 30, suuza mara tatu kwa bafa ya fosfeti iliyo tasa. Ethanoli huua bakteria wengi lakini haiondoi sumu zinazotoka kwenye kuta zao, yaani endotoksini, wala haimalizi vijimbegu vyao. Kwa kazi ya sahani inatosha.

Yeyusha kolajeni kwenye asidi asetiki ya milimola 20 ifike mikrogramu 50 kwa mililita. Mimina mikrolita 150 juu ya kila kidisko. Hiyo inatoa zaidi kidogo ya mikrogramu 5 kwa kila sentimita ya mraba. Acha saa moja, nyonya, suuza mara mbili kwa bafa ya fosfeti ili asidi iishe. Kolajeni yenyewe ikae kwenye barafu mpaka dakika ya mwisho, la sivyo joto linaweza kuiharibu kabla haijafika kwenye kidisko.

Mfuko ukibana, jelatini ya asilimia 0.1, saa moja kwenye nyuzi 37, ni mbadala wa heshima. Unaweza hata kuipitisha kwenye mvuke kabla ya kuitumia. Wanaoniuliza imetoka kwa mnyama gani, swali lao ni halali: soma lebo, zipo za ng'ombe, za nguruwe na za samaki, na zote zinaweza kufanya kazi.

Kuanzia sasa kidisko kisikauke hata kidogo. Utando wa protini uliokauka hunyauka na hurudi haujakaa kama mwanzo.

Hatua ya 8: Panda seli

Seli zikikujia kwa basi kutoka Dar es Salaam, ziagize kwenye chupa iliyojazwa midia mpaka shingoni, zisije zikitikiswa hewani njia nzima kupitia Chalinze na Segera. Zikifika, ziache zipumzike siku moja au mbili kwenye inkubeta.

Zitumie zikiwa zimefunika asilimia 70 hadi 80 ya chupa. Tripsini isizidi dakika tano. Chungulia kwenye hadubini, zikishaachia tu, zima kwa midia yenye seramu. Tripsini ni kisu cha protini: ukiiacha ikizidi muda inakata na zile integrini unazozihitaji, na seli inakosa mikono ya kushikia utando mzuri uliouhangaikia.

Hesabu kwa tripani buluu. Zilizo hai ziwe zaidi ya asilimia 90, vinginevyo ahirisha.

Weka seli 25,000 kwa kila kidisko, ndani ya tone la mikrolita 50 katikati. Tone likitambaa kwa utulivu juu ya kidisko kilichovishwa, na likajikusanya kama kidonge juu ya kidisko kitupu, unaona tofauti kwa macho. Rudisha sahani kwenye inkubeta pamoja na tishu tasa iliyolowa ili tone lisikauke. Baada ya saa mbili ongeza mikrolita 500 za midia kupitia ukuta wa kisima, polepole. Usimwage juu ya kidisko.

Andaa makundi haya kwa pamoja: polima tupu, polima yenye polidopamini peke yake, yenye polidopamini na kolajeni, na kisima cha plastiki cha kawaida. Kila kundi vidisko vitatu, na kila kundi liwe na kidisko kisichopandwa seli. Watu huruka hicho cha mwisho. Utaona kwa nini.

Vipande vya kioo navyo vipandwe seli. Kidisko kilichovishwa mara nyingi hakipitishi mwanga wa kutosha, hadubini ya kawaida haioni vizuri kupitia kwake. Kioo chenye utando ule ule ndicho dirisha lako.

Hatua ya 9: Pima

Saa 4 baada ya kupanda, kusanya midia na maji ya kusuuzia taratibu, hesabu seli zilizoelea. Toa kwenye 25,000. Hicho ni kipimo cha kushika, na hakihitaji kemikali ya gharama.

Saa 24, angalia kioo. Faibroblasti iliyoridhika imejinyoosha, ndefu yenye ncha. Ikiwa bado ya duara na inang'aa pembeni, haijakubali.

Saa 72, pima uhai kwa MTT (kemikali ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau), miligramu 0.5 kwa mililita, saa 3 hadi 4, kisha yeyusha fuwele za zambarau na usome kwenye nanomita 570. Kabla ya hapo hamisha kila kidisko kwenye kisima kipya. Seli nyingi huanguka pembeni na kuota kwenye plastiki, na usipohamisha utazihesabu kama za kidisko.

Na sasa kile kidisko kisicho na seli: polidopamini yenyewe inaweza kubadilisha MTT kuwa zambarau bila seli hata moja. Toa usomaji wake kwenye usomaji wa kundi lake. Matokeo mengi ya "utando umeongeza seli mara tatu" yangepungua sana kama hesabu hii ingefanyika. Kwa kigezo cha ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kupima sumu ya vifaa tiba kwa seli, uhai ukishuka kwa zaidi ya asilimia 30 ukilinganisha na seli zisizoguswa, nyenzo inahesabiwa kuwa na sumu kwa seli.

Ukikwama

Seli zimeshika saa 4, zimeng'oka saa 24 zikiwa zimeshikana kama kipande cha ngozi: utando umebanduka. Usuuzaji wa hatua ya 6 ulikuwa wa haraka.

Seli zimekufa kweli, zimejaa buluu, kwenye makundi yote isipokuwa plastiki: kuna mabaki ya sabuni, ethanoli au silikoni isiyoganda. Loweka kidisko kisafi kwenye midia saa 24, uihamishie midia hiyo kwenye seli zilizo kwenye plastiki. Zikifa, umepata jibu.

Midia imegeuka njano usiku mmoja na ina ukungu: ni bakteria. Usiokoe kitu.

Midia imegeuka waridi kali baada ya umeme kukatika: kaboni dayoksaidi imetoka. Usifungue mlango wa inkubeta kuchungulia. Wanaokatikiwa mara kwa mara wanunue midia yenye HEPES, inashikilia pH kwa muda hata gesi ikiisha.

Kutunza na kutupa

Vidisko vyenye polidopamini peke yake vinakaa wiki kadhaa vikiwa vikavu, gizani, kwenye chombo chenye silika jeli. Vyenye kolajeni vikae kwenye bafa ya fosfeti jokofuni, na uvitumie ndani ya siku chache.

Kimiminika cheusi cha hatua ya 5 kichuje na kikusanywe na taka za kemikali, kisimwagwe kwenye sinki. Midia na seli zimwagie jiki iliyochanganywa siku hiyo hiyo, sehemu moja kwa tisa za maji, zikae dakika 30 kabla ya kumwaga. Jiki hiyo isikutane na ethanoli wala asidi asetiki kwenye ndoo moja, hasa na madirisha yamefungwa.